Kichwa Kilichokwama Ngazini

Hakuna kichwa kilichowahi kukaa kwenye kiti cha Mzee Wembe kikaondoka bila kusikia habari za kichwa cha kaka yake. Uje kunyoa ndevu, uje kupunguza pembeni, uje umechoka na huna hamu ya maneno, utaisikia tu. Anakufunga kitambaa shingoni, anapuliza chanuo, anawasha mashine, na mashine ikishaanza kunguruma naye anaanza. Wateja wa siku nyingi waliijua kwa moyo. Akisita kidogo kutafuta mkasi, wao ndio waliokuwa wakimwendelezea.

Jina la Wembe hakupewa na wazazi. Alipewa na mtaa, na mtaa haukuwa unaisifu mikono yake. Mikono ilikuwa sawa, hakuna aliyelalamika, ila mdomo ndio uliokuwa ukikata.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Zamani, katika nchi aliyoiacha akiwa kijana ambaye ndevu zake bado zilikuwa zinahesabika, nyumba yao ilikuwa na ngazi, na kando ya ngazi kulikuwa na vyuma vilivyosimama wima, vimeachana kiasi cha kumtia mtoto mawazo. Siku moja wazazi hawapo, kaka yake mkubwa akachomeka kichwa kati ya vyuma viwili apate kuchungulia uani. Kuingia kikaingia. Kutoka kikakataa. Kaka mtu akavuta, akalia, akamwita mama, akaahidi kuwa mtoto mwema maisha yake yote. Ndipo mdogo mtu, yaani Wembe mwenyewe, mtoto mdogo tu, akapanda juu taratibu, akachukua wembe wa baba, brashi na sabuni, akamnyoa kaka yake palepale, upara mtupu, bila tone la damu. Kichwa kikateleza, kikatoka. "Na tangu siku hiyo," humalizia huku akikupaka poda shingoni, "nikajua kazi yangu duniani ni nini."

Ilikuwa habari nzuri sana. Kasoro yake ilikuwa moja tu: aliyekwama alikuwa yeye.

Aliyekwama ni yeye, aliyelia ni yeye, aliyeahidi kuwa mtoto mwema ni yeye, na aliyepanda juu kuchukua wembe wa baba ni kaka yake. Damu nayo ilikuwepo, tena si tone. Nyuma ya sikio lake la kushoto kulikuwa na kovu lenye urefu wa kidole cha mtoto, na ndiyo sababu kinyozi huyu, aliyewatoa watu wazima vipara vya kung'aa, hakukubali hata siku moja kunyolewa upara yeye mwenyewe. Nywele zake, ambazo sasa zilikuwa nyeupe, alizifuga nene pembeni, na juu yake akaongeza kofia. Watu walidhani ni mtindo.

Lakini tusimwonee. Uongo huu haukuzaliwa na majivuno. Alipofika katika mji huu wa ugenini alikuwa na kiti cha kuazima, mkasi mmoja na njaa, na hakuna aliyekuwa tayari kumkabidhi mgeni shingo yake. Mtu wa kwanza aliyekaa alimwuliza, "Kazi hii umeianza lini?" Alikuwa ameianza wiki ileile. Mtu akaanza kujiinua kitini. Basi mdomo ukamwokoa, ukatoa habari ya vyuma ukiwa umeigeuza kidogo tu, mambo ya nani alikuwa nani. Mtu akacheka, akakaa tena, na wiki iliyofuata akaja na rafiki zake. Uongo uliomletea mkate wa kwanza alishindwa kuufukuza. Akaoa nao, akapata binti nao, binti akapata binti wake, na wote walikua wakiusikia mpaka yeye mwenyewe asubuhi nyingine alihisi povu la sabuni kwenye vidole vyake, kama kweli vile.

Sasa huyo binti yake alikuwa mfamasia, mtu aliyezoea kutoa maelekezo na watu wakayafuata kutwa mara tatu. Siku moja, wakati wa chakula cha mchana, alisema bila utangulizi, "Baba, tunakwenda kwenu. Sote. Tiketi nimeshakata."

Mzee Wembe akaweka kijiko chini. "Na kibanda atafungua nani?"

"Kitafungwa."

"Goti langu je?"

"Goti litasafiri limekaa, baba."

"Kile kiti kinahitaji ngozi mpya."

"Kiti hakijaomba kitu. Wewe unatusimulia nyumba ya ngazi tangu mimi sijaota meno, leo nataka kuiona kwa macho yangu."

Mke wake, ambaye wote nyumbani walimwita Bibi, alikuwa anachambua maharage ya jioni na hakuinua uso. Mjukuu ndiye aliyeinua. Huyu walimwita Mpelelezi, kwa sababu hakuna droo iliyofungwa mbele yake ikabaki imefungwa.

"Babu, vile vyuma bado vipo?"

"Vyuma gani?"

"Alivyokwama babu mkubwa."

"Nadhani walishavibomoa."

"Haidhuru," Mpelelezi akasema. "Nitamwuliza mwenyewe."

Hapo Mzee Wembe akasukuma sahani kando. Wako watu wanaoogopa kurudi walikozaliwa kwa sababu ya kesi au ugomvi wa shamba. Mzee Wembe alikuwa anamwogopa mzee mmoja mpole, fundi rangi wa nyumba aliyestaafu. Neno moja tu la kaka yake lilitosha. "Nani, mimi? Si wewe huyu?" Na mjukuu, aliyeamini kuwa babu yake hajawahi kuogopa chochote duniani, angemtazama kwa jicho jingine kuanzia siku hiyo.

Tena kulikuwa na jambo kubwa zaidi, ambalo hakupenda kulifikiria akiwa na wembe mkononi. Kaka mtu alibaki na mama yao. Alimuuguza, akamzika, akaitunza nyumba. Mdogo mtu alituma salamu. Katika mambo yote ya maisha ya kaka yake, siku moja ya ushujaa ilikuwa ileile ya ngazini, na mdogo mtu aliichukua hiyo nayo akaondoka nayo. Aliona aibu. Alikuwa na aibu hiyo miaka mingi, na kila alipoisimulia habari ile vizuri zaidi, aibu nayo ilinenepa.

Kwenye ndege alikaa kimya karibu na abiria mwenye nywele zilizokaa ovyo kabisa, asimwambie kitu. Bibi akamtazama kwa pembe ya jicho.

"Mwanamume wewe, una nini? Kichwa kile kiko karibu yako hivyo na hujakitolea ushauri?"

"Masikio yameziba."

"Masikio au mdomo?"

Bibi alikuwa mtu wa nchi ileile, mji wa jirani, na kichwa cha mumewe alikijua kuliko mwenyewe. Kovu alikwishaambiwa kuwa ni la kuanguka mtini. Hakubisha. Alikuwa mwanamke mwenye subira, na subira yake ilimfurahisha sana.

Bibi aliposinzia, Mzee Wembe akamwinamia mjukuu. "Sikia. Babu yako mkubwa ni mtu mzima sasa. Mambo ya kukwama yanamtia aibu. Wewe na mimi tumsitiri, sawa?"

Mpelelezi akafikiri sana. "Sawa," akasema. "Nitamwuliza kwa adabu."

Nyumba ilikuwa ndogo. Hilo ndilo lililomshtua binti kwanza, kwa kuwa katika masimulizi ya baba yake ilikuwa nyumba ambayo mtu angeweza kupotea ndani yake. Ngazi ilikuwa fupi, ya saruji, imekwanguka kingo, ikipanda kutoka uani hadi vyumba viwili vya juu. Vyuma vilikuwepo. Vilikuwa vya kijani kibichi, vimepakwa rangi juu ya rangi mpaka vimekuwa vinono.

Kaka yake alisimama mlangoni. Mrefu, mwembamba, na kwenye kucha zake kulikuwa na chembe za rangi ambazo hata kustaafu hakukuzitoa.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Umechelewa."

Alisema hivyo kama vile alikuwa amemtuma dukani asubuhi. Kisha akamshika mkono na hakuuachia, na Mzee Wembe, ambaye njia nzima alikuwa amepanga maneno ya kuwahi kuyasema kabla mwenzake hajasema ya kwake, akalia mlangoni kama mtoto. Alilia kwa furaha na kwa woga pamoja, hata yeye mwenyewe hakujua kipi kilizidi.

"Amenenepa," kaka mtu akamwambia Bibi.

"Ni mikono yangu hiyo, shemeji."

Wakakaribishwa, wakaoneshwa nyumba. Chumba cha mama kilikuwa kama alivyokiacha, kitanda kimetandikwa, kiti chake dirishani, kuta zimepakwa rangi ya maziwa ambayo mama mwenyewe aliichagua. Mzee Wembe alibaki kizingitini, mguu mmoja ndani.

"Alikuwa akiniulizia?"

"Kila siku."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia una wateja."

Kinyozi akaitazama rangi ya ukuta.

Kutoka hapo hadi chakula cha jioni alifanya kazi moja tu: kukaa mbele ya ngazi. Mjukuu akienda kulia, naye anahamisha kiti kulia. Akienda kushoto, anakumbuka kwamba kushoto kuna upepo mzuri. Mwili ulikuwa mpana, lakini ngazi ilikuwa pana zaidi. Walipokaa kula uani, Mpelelezi akanawa mikono, akanyoosha gauni lake, akasema, "Babu mkubwa, naomba kuuliza swali kwa adabu."

Mzee Wembe akapaliwa na maji.

"Uliza, mjukuu wangu."

"Ulipokwama kichwa kwenye vile vyuma, uliumia?"

Binti akatabasamu, akasogeza kiti karibu asikose neno. Bibi akaacha kutafuna. Kaka mtu akaweka kikombe chini polepole, akamgeukia mdogo wake, akamtazama kuanzia kofia hadi viatu kama alivyokuwa akiutazama ukuta kabla ya kuupaka, akitafuta nyufa zilipo. Kijasho chembamba kilimtoka kinyozi.

"Kula kwanza," kaka mtu akasema. "Habari za kichwa hazisimuliwi mdomo umejaa."

Na baada ya kula alisema amechoka, akaenda kulala. Mzee Wembe hakujua kama amesamehewa au ameahirishwa.

Asubuhi aliamka na mbinu. Alitoa kiti uani, akachomeka mashine, akatangaza kwamba majirani wote watanyolewa bure. Kwa mawazo yake, mtu mwenye kazi mkononi haulizwi maswali. Jirani wa kwanza alikuwa fundi friji mwenye nywele nyingi, akakaa, akafungwa kitambaa. Mzee Wembe alimnyoa upande mmoja bila kusema hata neno moja, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu ashike mashine.

Ila alisahau tabia ya mjukuu wake. Mpelelezi asipojibiwa na mtu, huenda kuviuliza vitu.

"Mamaa!"

Wote wakageuka. Alikuwa kwenye ngazi za chini, amepiga magoti, na kichwa chake kilikuwa kimetokeza kati ya vyuma viwili vya kijani, misuko yenye shanga ikining'inia mbele. Hakuwa analia. Alikuwa anatoa taarifa.

"Kimeingia vizuri," akasema. "Tatizo ni kutoka."

Binti akarusha ndala, akapanda, akamvuta mabega. Masikio yakakataa. Akaleta mafuta ya kupikia, yakatiririka shingoni, masikio yakakataa tena. Fundi friji alikuja na kitambaa chake shingoni na nusu ya nywele zake, akashauri aitwe mtu wa kukata vyuma. Mtu mwingine akapiga kelele kwamba cheche zitamwunguza mtoto. Na Bibi, aliyekuwa amefika bila haraka, akakunja mikono kifuani.

"Mbona mnahangaika? Bingwa tunaye. Haya, bwana bingwa."

Macho yote yakamgeukia Mzee Wembe. Mashine ilikuwa bado inanguruma mkononi mwake.

"Siyo nywele zake!" binti akasema. "Zimesukwa kutwa nzima, baba! Hakuna njia nyingine?"

"Mama, aninyoe tu," Mpelelezi akasema kwa ushujaa. Halafu mdomo wa chini ukaanza kucheza. "Babu, zitaota tena?"

Mzee Wembe akapiga magoti uani, uso kwa uso na mjukuu wake, na macho yale mawili yalikuwa yamejaa imani kiasi kwamba hakuweza kuyakwepa. Ndipo alipogundua jambo ambalo miaka yote hakulifikiria. Hakujua kichwa kilitokaje. Alijua kukwama. Alijua sabuni machoni, giza, kamasi, na sauti ya kaka yake ikisema tulia, tulia. Lakini namna kichwa kilivyotoka hakuiona, kwa sababu aliyekwama haoni anavyotolewa. Habari aliyoisimulia kwa maelfu ya vichwa ilikuwa haina mwisho, yeye aliushona tu. Aliinua mashine, akaishusha, akaiinua tena mbele ya watu wote.

"Zima hiyo mashine."

Kaka mtu alikuwa anashuka, ndala zake zikiburuta kwenye saruji. Hakuwa na haraka hata kidogo.

"Kunyoa hakusaidii," akasema. "Kinachozuia ni masikio, si nywele. Na rangi yangu nayo imebana, miaka yote napaka juu ya ya zamani." Akakaa ngazini nyuma ya mtoto, akamwekea mkono mgongoni. "Mjukuu wangu, acha kurudi nyuma. Kichwa kimeshapita, na kichwa ndicho kigumu. Wewe mwembamba. Njoo mbele."

"Mbele?"

"Mbele. Toa mkono huu kwanza. Vizuri. Sasa lala ubavu. Toa pumzi yote. Bega hilo." Kisha, bila kubadilisha sauti, akasema, "Wewe, mdogo wangu, usikae hapo kama sanamu. Nyoosha mikono umpokee."

Mzee Wembe akaitupa mashine, akanyoosha mikono. Likaja bega, ukaja ubavu mwembamba uliojaa mafuta, ikaja nyonga, halafu Mpelelezi mzima akamdondokea kifuani, wakaanguka wote wawili uani. Shanga moja tu ilipotea. Watu wakapiga makofi, fundi friji akapiga kuliko wote.

Binti akamkumbatia mwanawe, akamchunguza masikio, akamgombeza, akambusu. Halafu akainua kichwa. Alikuwa mtu wa dawa, na watu wa dawa wanapenda kujua kilichoponya.

"Baba mkubwa, umejuaje?"

Basi ndiyo hiyo. Mzee Wembe alikuwa bado amekaa chini kwenye mafuta, kofia imemwendea upande. Akafumba macho kama alivyofumba siku ile, akangoja.

"Nimejuaje?" kaka mtu akasema. "Si ndivyo nilivyotolewa mimi? Mdogo wangu alipomaliza kuninyoa akaona bado hakitoki, akaniambia, kaka, pita mbele. Leo ametaharuki kwa sababu ni mjukuu wake. Siku ile hakutaharuki hata kidogo."

"Ulilia?" Mpelelezi akauliza kutoka mikononi mwa mama yake.

"Nililia sana. Nililia mpaka majirani wakadhani nyumbani kuna mbuzi."

Neno la mbuzi alilisema akimtazama mdogo wake.

Mchana Bibi akatangaza kwamba anataka kuonyeshwa mji. Mji alikuwa anaujua vizuri sana, lakini akamshika binti mkono huu na mjukuu mkono ule, wakatoka. Fundi friji alikwishamaliziwa upande wa pili, kimyakimya vilevile. Wakabaki ndugu wawili kwenye ngazi, mmoja ngazi ya juu, mmoja ya chini yake, kama walivyokuwa wakikaa.

"Kwa nini, kaka?"

"Kwa nini nini?"

"Usinifanye mtoto. Ungeweza kuniumbua."

Kaka mtu akakwangua kipande cha rangi kwenye chuma kwa ukucha. "Ile habari naijua siku nyingi. Kuna mtu wa mtaa huu alisafiri huko kwenu, akanyolewa kwako. Aliporudi alikuja hapa mbio, hata mzigo hajaweka nyumbani. Akasema, ndugu yako anakusema vibaya, anasema ulikwama kichwa."

"Ukakasirika, basi."

"Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikapanda kumwambia mama. Mama naye alicheka, alicheka wiki nzima. Alikuwa hajacheka vile tangu uondoke." Akakwangua kipande kingine cha rangi. "Sikiliza. Watu wanaondoka hapa kila mwaka. Wakishaondoka wanatusahau, na siwalaumu, wana mambo yao. Mimi nilijua na wewe umetusahau. Kumbe kila mtu anayekaa kwenye kiti chako unamtajia mimi. Asubuhi mimi, mchana mimi. Nikamwambia mama, mwanao yuko kazini huko, ananinyoa mimi kutwa. Akawa akiamka ananiuliza, leo umeshanyolewa?"

"Lakini ni uongo, kaka."

"Ni uongo. Tena wa kijinga. Lakini nimo ndani yake."

Mzee Wembe akalia tena, na safari hii hapakuwa na woga ndani yake, ni majuto matupu na mapenzi. Alipomaliza alivua kofia, akaiweka juu ya goti.

"Ninyoe."

"Kupunguza?"

"Upara."

Kaka mtu akamtazama. "Mikono yangu siku hizi inacheza, bwana mdogo."

"Siku ile haikuwa inacheza, na uliniacha hivi."

Brashi ya baba ilikuwepo bado juu ya kabati, manyoya yamebaki machache. Wembe ulikuwa wa kinyozi mwenyewe, mpya. Kaka mtu alimpaka povu mpaka kwenye nyusi, kwa mapana na kwa mikupuo mirefu, kwa kuwa alijua kushika brashi ya aina moja tu. Nywele nyeupe zikaanguka ngazi hadi ngazi. Mzee Wembe alitaka sana kumwelekeza, pembe ya wembe hivi, ngozi uivute vile, na kwa mara ya pili siku hiyo aliushinda mdomo wake.

Waliporudi wa mjini walimkuta anang'aa. Binti akasimama mlangoni na mifuko yake. Mpelelezi yeye hakusimama. Alikwenda moja kwa moja, akamzunguka babu yake, akalitazama lile kovu refu nyuma ya sikio, akavitazama vyuma, akautazama mkono ulioshika wembe.

"Babu, nani alikwama?"

Mdomo ukafunguka tayari kwa kazi. Wateja wake wangekuambia kwamba mdomo ule haujawahi kukosa la kusema.

"Mimi," akasema.

"Na aliyelia?"

"Mimi. Kama mbuzi."

Mpelelezi akalipima jambo hilo. Mzee Wembe akamwangalia, akingoja hukumu.

"Mimi sikulia," mtoto akasema hatimaye, kwa kuridhika sana, akakaa ngazini kati ya wazee wawili na kuanza kuokota nywele nyeupe kwenye shati la babu yake.

"Baba!" binti akasema. "Maisha yangu yote!"

Bibi alikuwa anavua viatu. "Mwache apumzike," akasema. "Kovu hilo nimeolewa nalo. Nilikuwa nangoja tu siku litakaposema lenyewe."

Siku hizi kibanda kimefunguliwa, kiti kimepata ngozi mpya, na Mzee Wembe hana kofia wala nywele. Mteja mpya akikaa huliona kovu kwenye kioo kinyozi akigeuka kuchukua mkasi, humwuliza, naye husimulia. Chumvi haijapungua, ila imehamia kwa mwingine. Siku hizi kaka yake ndiye mtulivu, kaka yake ndiye mwenye akili, na juzi alikuwa amekwisha kuvipinda vyuma kwa mikono. Wateja wa zamani wanalalamika kwamba ile ya kwanza ilikuwa tamu zaidi. Yeye hawajali.

Jioni akifagia nywele simu hulia, na ni mtu mmoja tu.

"Leo nimetajwa?"

"Umetajwa, kaka. Tangu asubuhi."

"Na nimekukata?"

"Umenikata vibaya sana."

"Hiyo damu iache, bwana. Watu watasema sijui kazi."

Mzee Wembe humwahidi kwamba ataiacha. Kesho yake huisema yote, kwa sababu kovu lipo pale kwenye kioo mbele ya kila mteja, na aliyelitia lazima atajwe.